Dumu la Mabaki

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Povu. Kila asubuhi, kabla watu hawajafungua milango, maji ya sabuni yalitoka kizingitini kwake yakatambaa mpaka njiani, na mpita njia mwenye viatu vipya ilimbidi aruke. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Alipiga deki sakafu ambayo tayari ungeweza kumwaga chakula ukakila bila sahani. Wapo waliomsifu na wapo waliomcheka, lakini hakuna aliyethubutu kusema nyumba yake ni chafu.

Usafi ndio uliomlisha pia. Alikuwa msafishaji katika nyumba ya kulala wageni, ng'ambo ya barabara kubwa. Asubuhi mashuka, mchana vyoo, jioni ngazi na vioo. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Chupa mpya za dawa za kusafishia zikiletwa, mabaki yaliyokaa chini ya chupa za zamani yalikuwa haki ya wasafishaji. Wenzake waliyamwaga. Yeye aliona ni dhambi kumwaga kitu chenye nguvu. Aliyabeba mpaka nyumbani, akayamimina katika dumu moja la njano lililokaa bafuni. Dawa ya vioo iliingia humo. Dawa ya sakafu iliingia humo. Klorini ya kung'arishia mashuka nayo iliingia humo humo. Wiki hii maji ya dumu yalikuwa ya bluu, wiki ijayo ya kijani, wiki nyingine rangi isiyo na jina.

Mume wake alikuwa fundi baiskeli, kazi zake akizifanyia barazani. Yeye dumu lile aliliita supu ya wageni. Alisema iko siku litainuka lenyewe, litafute fagio na kuanza kazi.

Aliyelipenda hasa ni mama mkwe. Mzee huyu aliishi nao, naye alikuwa na imani yake: dawa isiyowasha macho imechakachuliwa. Deki ikishapigwa, alisimama mlangoni akavuta pumzi, machozi yakimlengalenga, akasema, "Hapo sasa. Mwanangu kaoa mwanamke." Ni wake wangapi wanaosifiwa hivyo na mama mkwe? Mama Povu alikamua tambara lake na kesho yake akaongeza dawa.

Nyumba ilikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa darasa la tatu. Baba yake alimpa jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na baiskeli mbovu za baba yake akiziuliza zinaumwa wapi. Alilala na bibi yake katika chumba kilichopakana na bafu. Bibi alilala kitandani, Chiriku kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Sakafu hiyo mama yake aliipiga deki kila jioni, akafunga mlango ili vumbi lisiingie, na mtoto akaja kulala juu yake.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kilikuwa kikavu, cha kukwaruza. Kisha kifua kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Wakampeleka zahanati. Zahanati ilikuwa imejaa watu, na tabibu aliwapa dawa ya maji na onyo moja: mtoto ana dalili za pumu, mwepusheni na vumbi.

Vumbi. Mama Povu alirudi nyumbani na neno hilo kama askari aliyeonyeshwa adui. Aliziba nyufa za dirisha kwa matambara. Alimwambia mumewe agongomee ubao kwenye kidirisha cha bafu, maana ndicho kilichotazama barabarani. Deki ya mara moja ikawa ya mara mbili. Dawa ya kuchanganya na maji ikawa dawa tupu. Na mtoto akazidi kukohoa.

Kilichomuuma zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa mtaa wa pili na kuuza nguo za mitumba. Mwisho wa juma Chiriku alikwenda kulala kwa shangazi yake huyo. Kwa shangazi nguo za watu zilirundikana mpaka darini, vumbi lake ungeweza kuandika jina juu yake. Lakini huko mtoto alilala fofofo. Wifi hakuliacha jambo hilo lipite.

"Kwangu analala kama gogo," alisema siku moja, akimrudisha mtoto. "Kwako anakohoa mpaka anakaa kitako. Kuna nini ndani humu, wifi?"

Mama Povu alisikia jambo moja tu: ameambiwa nyumba yake ni chafu. Jioni ile alisugua mpaka kuta.

Kuna mtu mwingine aliyeuliza. Alikuwa jirani, mtumishi wa ofisi ya afya, mrefu, mwembamba, mwenye baiskeli iliyokatika mnyororo kila mwezi. Watu walimwita Bwana Afya, na watoto walimkimbia wakidhani ana sindano mfukoni. Alikuja kutengenezewa mnyororo wake. Alipokuwa akisubiri barazani alikunja pua, akauliza ni nini kinachonuka kwa ukali namna ile. Fundi alicheka na kumweleza habari za supu ya wageni. Bwana Afya hakucheka. Alisema dawa hizo hazipaswi kuchanganywa, na kwamba angependa kuliona hilo dumu.

Mama Povu alitokea mlangoni na tambara mkononi. "Bwana Afya, wewe umezoea kunusa vyoo vya watu. Choo changu kinang'aa kuliko sahani unayolia. Nenda kwa wale wenye inzi."

Baraza zima likacheka. Bwana Afya naye akatabasamu kwa aibu, akapokea baiskeli yake, akaondoka. Mambo yakaishia hapo.

Wiki chache baadaye Chiriku alizidiwa. Midomo ilibadilika rangi, mbavu zikawa zinaingia ndani kila alipovuta hewa, na yule mtoto wa maneno mengi hakuweza kusema hata neno "maji". Walimkimbiza hospitali. Huko alivutishwa dawa kwa kifaa cha mdomoni, akalazwa, na baada ya siku chache wakaambiwa wanaweza kumchukua.

Asubuhi ya kwenda kumchukua, Mama Povu alikuwa na shughuli mbili moyoni. Moja ni mtoto. Nyingine ni nyumba, kwa sababu alikuwa ameshinda hospitali na bafu halikuwa limeguswa. Jioni iliyotangulia alikuwa amepitia kazini, akapewa mabaki mawili. Klorini, karibu nusu chupa, aliimimina ndani ya dumu hapo hapo. Ya pili ilikuwa dawa kali ya kuondoa ukoko wa njano kwenye vyoo, ile ambayo ndani yake mna asidi. Kifuniko chake kilikuwa kigumu, naye alikuwa amechoka. Aliiacha kando ya dumu.

Akiwa amekwisha kufunga khanga, aligeuka. "Mama, nikichelewa, ile chupa imalizie kwenye dumu, ulowanishe bafu. Mimi nikija nitasugua. Mtoto akute pasafi."

"Nenda, mwanangu," mama mkwe alijibu. "Atakuta panang'aa."

Njia nzima ya kurudi Chiriku aliongea. Alisimulia habari za mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekoroma kama pikipiki, na za muuguzi aliyemruhusu kushika kile kifaa. Sauti yake ilikuwa bado ya kukwama kwama. Mama yake alimshika mkono akihisi kama amerudishiwa kitu alichokuwa amekwisha kukiona kinazama.

Walipokata kona waliona watu mbele ya nyumba. Hapakuwa na kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Mumewe alikuwa amepiga magoti barazani akitapika. Kando yake, juu ya mkeka, mama mkwe alikuwa ameketishwa, ameegemezwa ukutani, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Macho yake yalikuwa mekundu. Mshona nguo wa nyumba ya jirani alikuwa akimlazimisha kunywa kikombe cha maziwa, na Bwana Afya alikuwa akimzuia.

"Maziwa hayaoshi mapafu," alikuwa akisema. "Atapaliwa. Anataka hewa. Tafuteni gari."

Kisha akamwona Mama Povu na mtoto, akanyoosha mkono. "Mtoto asisogee. Mpeleke kwa shangazi yake. Sasa hivi."

Habari aliipata vipande vipande, kutoka kwa huyu na yule. Mama mkwe alimimina chupa kama alivyoagizwa. Maji ya dumu yakachemka bila moto, yakatoa moshi wa rangi ya kijani iliyofifia. Mwingine angetoka mbio. Yeye alikuwa na imani yake: kikiwasha, kinafanya kazi. Akavuta mlango akaufunga, akainama kulowanisha sakafu. Kidirisha kilikuwa na ubao. Fundi alisikia kikohozi, akakizoea kwa dakika kadhaa, maana nyumba ile ilikuwa ya vikohozi. Aliposikia kitu kizito kikianguka alivunja komeo, akavuta pumzi moja, ikamkata miguu. Bwana Afya, aliyekuwa akipita, ndiye aliyefunga kitambaa puani, akabana pumzi, akamburuta mzee kwa mabega, akapiga teke ubao wa kidirisha mpaka ukaanguka nje.

Hospitalini daktari alisema mapafu yamechomwa na ile hewa, na sasa yanajaa maji. Mama Povu alikaa kando ya kitanda, akimtazama mtu anayezama akiwa nchi kavu. Usiku ulipita hivyo. Alfajiri mama mkwe alifungua macho, akamtafuta, akampata. Alitaka kusema jambo. Kila neno alilipandia mlima.

"Nilifunga mlango vizuri," alisema. "Dawa haikutoka hata kidogo."

Mama Povu alimwambia, "Umefanya vizuri, mama." Angesema nini? Kabla ya adhuhuri mzee alikata roho.

Watu wa msiba hawasubiri. Waliporudi na maiti, nyumba ilikuwa imekwisha kujaa, wanaume nje, wanawake ndani, na wanawake wakaona lazima pasafishwe kabla wageni wa mbali hawajafika. Mshona nguo, mwanamke mwenye mikono isiyojua kukaa bure, alizunguka nyuma ya nyumba. Alilikuta lile dumu, ambalo Bwana Afya alikuwa ameliweka uani, mbali na madirisha, kifuniko kikiwa hakijakazwa. Alikuwa amesema lisiguswe, lakini kwenye msiba nani anakumbuka alichosema nani? Mshona nguo aliliinua kwa mikono miwili akaingia nalo ndani.

"Shoga, dawa yako hii hapa," alisema. "Tupige deki chumba cha marehemu."

Mama Povu alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Wanawake wote walimtazama yeye mwenye nyumba. Kukaa kimya kulikuwa rahisi. Watu wengi pale walidhani mzee ameanguka kwa presha, na wifi yake alikuwa miongoni mwao.

"Lirudishe nje," alisema. "Hilo ndilo lililomuua mama. Nililijaza mimi, na mimi ndiye niliyemtuma."

Mshona nguo alisimama na dumu lake kama mtu aliyebebeshwa nyoka. Kisha alirudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka akatoka.

Wifi hakupiga kelele. Alikuja akachuchumaa mbele ya Mama Povu, uso kwa uso. "Mtoto alikuwa analala chumba kipi?" aliuliza.

"Kile cha kando ya bafu."

"Kwa muda wote huo?"

"Muda wote huo."

Wifi alitikisa kichwa. "Basi Chiriku harudi humu. Mama ninamzika. Mtoto sitamzika." Akasimama, na kaka yake, aliyekuwa mlangoni, akampisha njia.

Hivyo ndivyo Mama Povu alivyompoteza mama mkwe na mtoto katika juma moja.

Msiba ukaisha, mikeka ikakunjwa. Mume na mke wakabaki katika nyumba iliyokuwa kimya kama duka lililofungwa. Fundi hakumtukana mkewe. Afadhali angemtukana. Alikula, akashukuru, akatoka. Siku moja alichukua koleo, akang'oa matambara yote kwenye nyufa za madirisha, akaenda bafuni akang'oa misumari iliyobaki pale ubao ulipokuwa. Aliifanya kazi hiyo bila kumtazama mtu. Ubao ule ni yeye aliyeugongomea.

Ni Mama Povu aliyekwenda kwa Bwana Afya. Alimkuta anafua shati. Alisimama mbali kidogo, akaomba samahani kwa maneno ya barazani siku ile.

Bwana Afya alikamua shati lake kwanza. "Mimi ndiye wa kuomba samahani," alisema. "Nilinusa, nikajua, nikaondoka. Niliogopa jirani asije akaninunia. Kazi yangu si kuogopa watu kununa." Akaliweka shati kambani. "Unataka nini, dada?"

"Nataka mwanangu arudi alale kwangu. Nifundishe."

Walianza na dumu. Watu wa ofisi ya afya walikuja wamevaa glavu na barakoa, wakalichukua kwenda kuliharibu kwa namna inayofaa. Mama Povu alitaka yeye mwenyewe alimwage chooni yaishe, lakini Bwana Afya alimkataza kabisa. Chooni mna mkojo, na klorini ikikutana na mkojo wa siku nyingi inatoa hewa mbaya nyingine. Wala mtaroni, maana huko wanacheza watoto. Mtu akikuta mchanganyiko asioujua, asiongeze kitu na asiuchungulie. Afungue milango, atoke nje, awaite wanaojua.

Kisha walipita chumba kwa chumba. Alimweleza kwa maneno mepesi, akirudia kila alipoona uso wa Mama Povu umetangatanga. Klorini peke yake ina kazi yake. Lakini ikikutana na asidi ya choo inazaa hewa ya sumu, na ikikutana na dawa nyingi za vioo inazaa sumu nyingine. Kidogo kidogo hukwaruza kifua cha mtoto kila usiku. Kwa wingi, huua mtu mzima. Dumu lile lilikuwa limefanya yote mawili.

"Kwa hiyo vumbi halikuwa na kosa?" Mama Povu aliuliza.

"Vumbi lina makosa yake. Lakini ulikuwa unafukuza panya kwa kuchoma nyumba."

Mama Povu alikaa kwenye kitanda kitupu cha mama mkwe. Aliuliza nyumba itasafishwa kwa kitu gani sasa. Bwana Afya alimwambia kwa sabuni. Sabuni ya mche, ile ya kawaida, imekatwa vipande na kuyeyushwa katika maji ya moto.

"Sabuni tu? Mpaka chooni?"

"Mpaka chooni. Sabuni, maji ya moto na brashi. Na mkono wako, ambao naujua."

"Na harufu je? Watu watajuaje kwamba nimesafisha?"

"Dada, pasafi hapanuki kitu. Harufu ile uliyoipenda haikuwa usafi. Ilikuwa dawa ikiingia mwilini mwako."

Kwa ukoko wa bomba na bakuli la choo alimfundisha kupaka siki au maji ya ndimu, kuacha yakae, kisha kusugua kwa chumvi ya mawe. Vioo alimwambia afute kwa maji yenye siki kidogo na karatasi kuukuu. Masizi ya sufuria ayatoe kwa majivu yaliyochekechwa. Hapo akaweka onyo: siki na ndimu ni vyakula, lakini navyo ni asidi. Visikutane na klorini hata siku moja.

Na klorini aitupe? La. Siku mtu akitapika au akiharisha, au damu ikimwagika, atahitaji kuua vijidudu. Siku hiyo aoshe kwanza kwa sabuni na kusuuza vizuri. Kisha achanganye klorini kidogo katika maji baridi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, peke yake, milango na madirisha wazi, glavu mkononi, mtoto yuko nje. Na ikae katika chupa yake yenyewe, juu, pasipofikika. Isimiminwe katika chupa ya soda wala ya maji, kwa sababu macho ya mtoto husoma chupa, hayasomi kilichomo.

Mara ya kwanza kupiga deki kwa sabuni tupu, Mama Povu alijiona kama anadanganya. Alisimama mlangoni kunusa, kama alivyofanya marehemu. Hapakuwa na kitu. Upepo tu, na moshi wa jiko la jirani. Alirudia tena. Bado hapakuwa na kitu. Ilimchukua muda kuuamini ule utupu.

Kazini alimwambia meneja kwamba mabaki hayataki tena, na kwamba dawa ya choo na klorini hatazitumia chumba kimoja siku moja. Meneja alilalamika kwamba wageni hupenda kusikia harufu ya dawa. Mama Povu akamsimulia kwa kifupi namna mama mkwe wake alivyokufa. Meneja akawa mdogo. Toka siku hiyo chupa zilizopungua hazikupewa mtu kubeba. Zilitumika mpaka mwisho, kila moja kwa kazi yake, na wasafishaji wakaanza kufungua madirisha kabla ya kushika brashi.

Kumrudisha Chiriku kulikuwa kugumu kuliko yote. Wifi alikuja mwenyewe kukagua. Aliingia bafuni, akafungua kila kopo, akainua mpaka godoro. Hewa iliingia dirishani na kutoka mlangoni. Mwisho aliketi barazani na kusema sharti lake. Mtoto atakuja, atalala kitandani, si chini. Akikohoa usiku mmoja kama zamani, asubuhi anamchukua, na safari hiyo ni moja kwa moja.

"Sikusamehe, wifi," alimalizia. "Nasema tu mtoto anakulilia."

"Sijakuomba unisamehe," Mama Povu alijibu. "Mlete tu."

Chiriku akaja na mfuko wake wa nguo. Alilala kitanda cha bibi yake, na usiku wa kwanza hakuna aliyelala isipokuwa yeye. Daktari alikuwa amewaambia wasitegemee miujiza: kifua kilichokwaruzwa kwa miezi kitapona polepole, na huenda kikabaki chepesi kubana maisha yake yote. Kile kifaa cha kuvutia dawa kilikaa kando ya mto. Siku nyingine alikikimbilia. Siku nyingi zaidi hakukigusa.

Mama Povu akawa na zoea jipya. Kila alfajiri, kabla ya jambo lolote, alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka sikio juu ya kifua cha mwanawe. Alisikiliza kila pumzi inavyopanda na kushuka, akitafuta ule mlio wa mlango mkavu. Chiriku alikuwa akiamka na kunung'unika kwamba sikio la mama ni baridi kama kijiko. Mama alisikiliza mpaka aridhike, ndipo siku yake ilipoanza.

Masika yakapita, kiangazi kikaja na vumbi lake. Shangazi akazoea kupita jioni, akaketi barazani, akaondoka bila kuuliza. Fundi akaanza tena kumtania mkewe, utani mdogo mdogo, wa mtu anayejaribu mguu uliovunjika.

Asubuhi moja waliamka wamechelewa. Mkate ulikatwa haraka haraka, viatu vikatafutwa, Chiriku akatoka mbio huku akibishana na baba yake kuhusu kengele ya baiskeli ya mteja, kwamba imefungwa upande usio wake. Alibishana mpaka kona, bila kusimama kupumua. Mama Povu naye akakimbilia kazini.

Alikuwa chumba cha juu anatandika shuka alipokumbuka. Leo hakusikiliza. Mikono ilisimama. Aliitafuta hofu moyoni, mahali pake pale pale ilipozoea kukaa, akaikosa.

Akaketi ukingoni mwa kitanda cha mgeni, jambo ambalo wasafishaji wamekatazwa. Dirisha lilikuwa wazi. Tangu siku ya mazishi hakuwa amelia hata mara moja. Hakuwa na nafasi. Masikio yake yote yalikuwa kwenye kifua cha mtoto. Sasa nafasi ilipatikana. Alimlilia mama mkwe wake mpaka shuka likalowa, kisha akainuka, akalitandua, akatandika jingine.